Nyumbu na Ploti ya Kitengela: Je, Mbuga ya Nairobi ni ya Mandari Tu?



  



Kila likizo inapokaribia, swali ni lile lile katika kikao cha wazazi: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Na kila tunapoitaja Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kikao hugawanyika. Wako wanaofurahi, kwa sababu ni karibu na watoto huipenda. Wako wanaouliza, kwa adabu lakini kwa mkazo, mtoto anayehifadhi Juzuu Amma ana haja gani ya kwenda kumtazama simba. Na wako wanaosema kwamba pesa zinazotumika kulinda wanyama zingetosha kulisha mayatima wangapi!

Maswali haya yote ni ya haki na tumeonelea tuyajibu kwa maandishi. Rai yetu sisi walimu ni kwamba ziara hii ni somo la dini sawa na masomo mengine, bora ifundishwe kama somo. Na tunaongeza jambo ambalo huenda likawa zito kidogo kwa baadhi yetu: amana ya mbuga hii haishii langoni. Inatufuata mpaka nyumbani, na mpaka kwenye ploti tunazonunua.

MBUGA ILIYO NDANI YA MJI

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza nchini Kenya. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu, na lango lake kuu liko kilomita kama 7 kutoka katikati ya mji. Ndani yake wamo simba, chui, nyati, twiga, pundamilia, pofu, kongoni, mbuni, viboko na vifaru. Aina za ndege zilizowahi kuonekana humo zinapita 400. Ndovu wa porini hawamo. Ndovu utakaowaona ni wale watoto mayatima wanaolelewa katika kituo cha Sheldrick, kilichoanzishwa mwaka 1977 pembezoni mwa mbuga.

Pande tatu za mbuga zina uzio. Upande wa nne, wa kusini, umeachwa wazi, na mpaka wake ni mto Mbagathi. Ng'ambo ya mto ndiko kwenye tambarare za Kitengela, Isinya na kuendelea. Tunaomba msomaji aukumbuke upande huu wa kusini, maana tutaurudia.

Tulipokwenda na wanafunzi wetu mara ya mwisho, tulijaza mabasi mawili. Walimuona simba jike amelala kivulini kama paka wa msikitini, na pundamilia wakila majani huku maghorofa ya mji yakionekana nyuma yao. Mwanafunzi mmoja wa darasa la pili akauliza: "Ustadh, hawa nao wanakaa Nairobi?" Tukamjibu kuwa ndiyo, na walikuwepo kabla yetu.

MTOTO WA QUR'ANI ANA HAJA GANI NA MNYAMA?

Hebu tuhesabu pamoja. Msahafu una sura iitwayo Al-Baqara, ng'ombe. Ina Al-An'aam, wanyama wa mifugo. Ina An-Nahl, nyuki, An-Naml, wadudu chungu, Al-Ankabuut, buibui, na Al-Fiil, ndovu. Hii ya mwisho ni katika sura ambazo mtoto huhifadhi mapema kabisa. Watoto wetu wengi wanaisoma Suratul Fiil kwa tajwidi nzuri, lakini ndovu mwenyewe wamemjua kwenye picha ya daftari tu. Siku mtoto anapomuona ndovu kwa macho yake, hata yule mdogo anayenyonya chupa ya maziwa pale Sheldrick, anaelewa jeshi lile lilikuwa na nguvu gani, na anaelewa pia udogo wa wale ndege waliolishinda.

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mola wetu anatufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Hili ni neno zito. Umma una haki zake. Mtume (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Akatueleza pia habari ya aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Maswahaba walipowachukua makinda wa ndege na mama yao akaja anatapatapa, aliamrisha warudishiwe mama yao. Hadithi hizi tunazisomesha kila mwaka. Mbuga ni mahali pa kuzisomesha zikiwa hai.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Mtume (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram. Miti yake haikatwi ovyo wala mawindo yake hayawindwi, na imepokewa kuwa maili kumi na mbili kuuzunguka zilifanywa himaa, yaani ardhi iliyohifadhiwa. Abu Hurayra (R.A.) alikuwa akisema kwamba lau angewaona paa wakila majani Madina asingewashtua. Basi mji wenye watu, misikiti na masoko, na pembeni yake wanyama wa porini walio katika amani, si fikra ngeni kwetu wala hatukuipokea kutoka kwa watalii. Ni katika Sunna.

NA KUWAFUNGIA JE?

Baadhi ya wazazi huuliza kuhusu kile kituo cha wanyama mayatima kilicho langoni, ambako simba na chui wamo ndani ya vizimba. Je, hili halifanani na kisa cha yule paka?

Wanazuoni wamelizungumzia. Wamechukua dalili kutoka kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Wakasema kumweka mnyama kunajuzu kwa sharti apewe chakula, maji na nafasi, na asiteswe. Mnyama aliyeletwa kituoni akiwa kinda aliyepoteza mama, au aliyejeruhiwa na mtego, akirudishwa porini bila maandalizi hufa. Kumlea ni rehema. Lakini mtoto anayemrushia mawe ili aamke apigwe picha amevunja sharti, na mzazi anayecheka pembeni ni mshirika wake.

Kulea kunataka elimu vilevile, nia njema peke yake haitoshi. Mtoto wa ndovu hawezi kuishi kwa maziwa ya ng'ombe. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi mpaka akapata mchanganyiko wa maziwa unaomfaa. Wale watoto hulala na walezi wao usiku kucha, kwa sababu ndovu mdogo akikosa jamaa hunyong'onyea na kufa. Wakikua hupelekwa Tsavo na kuzoezwa maisha ya porini pole pole, jambo linalochukua miaka.

Upande wa pili tuna mfano mchungu. Katikati ya mwaka huo huo wa 2018, vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Ziwa Nakuru kwenda hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Nia ilikuwa kuwaongeza. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea, na wakafa mmoja baada ya mwingine. Nchi nzima ilihuzunika. Tuliwaeleza wanafunzi wakubwa kisa hiki, kisha tukawaambia kuwa Uislamu unahitaji daktari wa mifugo kama unavyohitaji imamu, na kwamba katika wao tunataka atoke atakayeyapima maji kabla mnyama hajayanywa.

PEMBE NA MAJAMBIA

Ndani ya mbuga kuna mahali palipochomwa pembe za ndovu. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma hapo tani 12 za pembe, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kimataifa. Tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tena tani 105 za pembe za ndovu, pamoja na tani 1.35 za pembe za vifaru. Hapo ndipo tulipotandika mikeka yetu, tukaswali Adhuhuri na kula pilau. Wanafunzi waliuliza sana: kwa nini kuchoma mali? Jibu letu ni kwamba kitu kilichopatikana kwa kuua na kuiba, kikibaki ghalani, kitaendelea kumtamanisha mwizi.

Hapa inatupasa tuseme ukweli kuhusu jamii yetu wenyewe. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Pembe zao zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda Mashariki ya Mbali kufanywa dawa. Lakini sehemu kubwa katika miaka ya 1970 na 1980 ilikwenda Yemen, kufanywa mipini ya majambia, fahari ya mwanamume kiunoni. Wanunuzi walikuwa Waislamu wenzetu.

Na katika kulirekebisha, dini ilisimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa kwamba kuua vifaru kwa ajili ya pembe hakupatani na mafundisho ya dini. Mwaka 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia likatoa fatwa ya kuwalinda wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Pwani yetu pia ina mfano wake: katika kisiwa cha Misali, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walielezwa hifadhi ya bahari kwa mafundisho ya Qur'ani, na wengi wakalipokea kutoka kwa mashehe wao kuliko walivyolipokea kutoka kwa maafisa. Basi asituambie mtu kwamba minbari haina la kusema juu ya vifaru.

JE, WANYAMA WANA THAMANI KULIKO WATU?

Hili ndilo swali tunaloliheshimu zaidi. Tunaoishi mjini huenda mbugani Jumamosi, tukala na kupiga picha, kisha tukarudi nyumbani. Jirani wa mbuga upande wa kusini, aghalabu mfugaji wa Kimasai, ndiye anayeamka alfajiri akute simba ameingia zizini. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuua mbuzi wa watu. Ni rahisi kulaani. Lakini mbuzi hao ndio karo ya shule ya mtu.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alitufundisha jinsi ya kulitazama jambo hili. Alipoweka himaa kwa ajili ya wanyama wa dola, alimkabidhi mtumishi wake Hunayy na kumwagiza asiwadhulumu watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache. Mifugo ya matajiri, akawataja Abdur-Rahman bin Awf na Uthman bin Affan (R.A.), ndiyo isipewe nafasi hiyo. Sababu ni kwamba tajiri mifugo yake ikifa anayo mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini ikifa yake atakuja na watoto wake kwa Khalifa.

Tazameni ilivyo sheria hii. Himaa inalindwa, na gharama yake haibebeshwi mnyonge. Hivyo anayemlinda simba ni lazima amkumbuke mwenye mbuzi. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kiasi fulani kwa kila ekari kila mwaka, kwa sharti wasizungushe uzio wala kuuza. Na kijana wa huko, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka 11, aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akatengeneza taa za kumeta-meta kulizunguka zizi la baba yake, na mwaka 2013 dunia ikamsikiliza. Kijana huyu aliokoa ng'ombe na akaokoa simba, kwa betri ya gari na akili aliyopewa na Mola wake.

SASA TUJE KWENYE PLOTI

Tulisema msomaji aukumbuke upande wa kusini. Mbuga hii ni ndogo, haiwezi kuwalisha wanyama wake mwaka mzima. Wakati wa kiangazi nyumbu na pundamilia huingia mbugani kwa sababu maji yako humo. Mvua zikinyesha hutoka kwenda tambarare za kusini kwenye majani mapya. Zamani waliokuwa wakipita hapo walihesabiwa kwa maelfu kwa maelfu. Leo ni wachache mno.

Si jangili peke yake aliyewapunguza. Ni uzio, ukuta, barabara, viwanda, na vibao vya "Ploti Zinauzwa". Hatari haiko kusini tu. Reli ya SGR kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, inapita juu ya mbuga yenyewe kwa daraja la kilomita kama 6, na kesi na maandamano hayakuizuia. Lakini reli imejengwa juu ya nguzo, na twiga hupita chini yake. Ukuta wa mawe wa ploti ya hamsini kwa mia hauna chini ya kupita.

Na wanunuzi wa ploti hizo ni akina nani? Ni watu wa kila namna, nasi Waislamu tumo. Wengi wetu tumechoshwa na kodi za Eastleigh na South C, tukatamani nyumba yenye hewa. Hatusemi kununua ardhi Kitengela ni haramu. Mwenye kusema hivyo alete dalili. Tunachosema ni kwamba mtu hawezi kumfundisha mwanawe kwenye basi kwamba nyumbu ni umma kama sisi, kisha wiki inayofuata akaifunga njia ya umma huo kwa seng'enge bila hata kuuliza. Kuziba njia ya wapitao tunajua hukumu yake. Kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani.

Mbuga ikizibwa upande huo wa mwisho, itakuwa zizi kubwa lenye tikiti mlangoni. Wajukuu wetu wataiona, lakini haitakuwa pori tena.

TUNACHOPENDEKEZA

1. Ziara iwe somo. Kabla ya safari, wanafunzi wasome Suratul Fiil na An-Naml pamoja na tafsiri yake fupi. Baada ya safari, kila mmoja aandike kiumbe alichokiona na haki yake juu yetu.

2. Adabu za mbugani zifuatwe: hakuna kelele, hakuna kushuka garini pasiporuhusiwa, hakuna kuwalisha nyani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za Kenya, kwa hiyo maji yachukuliwe kwa mitungi na flaski, na chakula kwa sahani za nyumbani.

3. Tuangalie nyama tunayonunua. Nyama ya bei ya kutupa isiyojulikana ilikochinjwa huenda ikawa ya mnyama aliyenaswa kwa mtego wa waya. Aliyekufa mtegoni ni mzoga, ni haramu kwetu, tena amepatikana kwa ujangili.

4. Anayetaka kununua ardhi kusini mwa mbuga aulize kwanza kama ni mapito ya wanyama. Kama ni mapito, atafute kwingine. Na mwenye ploti tayari azungushie nyumba yake tu, asifunge eneo lote, na azungumze na majirani zake wafanye hivyo hivyo.

5. Kamati za misikiti na madrasa zilizo karibu na mbuga zihudhurie mikutano ya mipango ya ardhi inapoitishwa. Sauti yetu husikika sana kwenye mambo ya mwezi mwandamo. Isikike na hapa.

6. Sadaka ya madrasa ya mwaka, sehemu yake ndogo iende kumsaidia mfugaji mmoja kuweka taa za zizi. Hapo maskini na simba watakuwa wamehifadhiwa kwa shilingi moja.

Ndugu zetu, yule mtoto aliyeuliza kama pundamilia nao wanakaa Nairobi hakuuliza swali la kitoto. Anayekaa nawe mji mmoja ni jirani yako, na Jibril (A.S.) alimuusia Mtume wetu (S.A.W.) juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi yake, awape watoto wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma, na asituulize Siku ya Kiama juu ya kiumbe tuliyemdhulumu tukakosa jibu. Aamiin.